Koti la Kumwitia Kibogoyo

4 Februari

Mpwa wangu Kengele,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye, bila kujisifu, ndiye anayeshikilia nyama ya nguruwe ya eneo hili zima. Nikikohoa asubuhi, wachinjaji wanangoja kwanza waone kama ni kikohozi cha kawaida. Juzi daktari wa mifugo alisimamisha pikipiki yake langoni kwetu, akavua kofia ngumu, akaniuliza, "Mzee, unaonaje hali ya wanyama?" Nikamweleza kwa kirefu. Alitikisa kichwa kama mwanafunzi. Jirani yetu Mama Cherehani, ambaye mimi namwita Redio kwa sababu hazimwi, anasema yule alikuwa anauliza njia ya kwenda kwa mwenye ng'ombe. Wewe Redio unamjua. Hajui kutofautisha swali na heshima.

Utashangaa naandika barua kama watu wa zamani. Simu yangu imeliwa. Nilikuwa nimeinama juu ya hori, ikanitoka mfukoni ikaingia kwenye uji wa pumba, na Kibogoyo hakuuliza ni ya nani. Kesho yake ililia mara mbili ndani ya tumbo lake. Nadhani ulikuwa wewe. Hakupokea.

Basi barua zetu atakuwa anabeba dereva wa lori la pumba, maana akienda kinuni hupita karibu na hospitali yenu. Nimemwambia barua zangu asiziweke na mzigo mwingine. Ameniahidi kuzikalia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Hiyo simu ndiyo chakula cha mwisho alichokula Kibogoyo kwa hiari yake. Tangu upande basi, hali kitu. Anaweka pua kwenye mwanya wa mlango wa banda anatazama lango. Nikimmiminia chakula ananiangalia kama mimi ndiye niliyekufukuza. Nguruwe uliyemlea kwa chupa hapo jikoni, akilala kwenye sanduku la sabuni, na meno nikamkata mimi mwenyewe kwa ustadi mwingi kuliko uliohitajika, leo ananitia aibu kwa kukonda. Watu watasema mtaalamu kashindwa.

Mimi sina neno. Nakula, nalala, nakoroma. Yeye ndiye anayesikitisha.

Mjomba wako,
Mkurugenzi wa Nguruwe, Kanda Yote


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika inanuka pumba. Wenzangu wa chumba cha kufulia wamenikuta nimeiweka puani hata sijaifungua. Nimewaambia nina mafua.

Kazi si mbaya. Nafua mashuka, nakausha mashuka, nakunja mashuka. Kwa lugha yako tungesema hospitali nzima inalala mikononi mwangu. Mashine zenyewe kila moja ni kubwa kuliko jiko letu, na mvuke wake ukinimaliza jioni natoka nimelainika kama nguo. Lakini korido, Mjomba. Zina vigae vya sakafu vinavyong'aa mpaka ukiinama unaona meno yako. Siku ya kwanza nilivua viatu nikavishika mkononi. Msimamizi akaniuliza kama naenda kuoga.

Kuhusu Kibogoyo: hajagoma. Hajaitwa. Wewe unagonga ndoo na kuamrisha "Kula!" kama uko gwarideni. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya banda, pale anapoweza kuliona koti langu, halafu naita, "Karibuni mezani," ile "ni" ya mwisho naivuta mpaka pumzi iishe. Ndivyo mama alivyokuwa akiwaita nguruwe wake, wewe ulinieleza.

Koti langu la mvua la bluu, lile lenye maua meupe, nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Livae. Simama nyuma ya banda. Ita kwa sauti nyembamba. Usicheke, na usimwalike Redio kuangalia.

Na ahadi ni ile ile. Likizo yangu ni Juni, Kibogoyo atakuwa amefikisha uzito, tutamchinja nikiwepo, na vipande nitapima mimi. Usimtangulize.

Wewe je? Umeniandikia karatasi mbili, na habari zako zimeingia kwenye mstari mmoja.

Mpwa wako,
Kengele


11 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, na mara zote mbili imesema jambo lile lile: mji umekuchanganya. Mimi? Mtu niliyewahi kumkamata dume la nguruwe masikio yote mawili kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai, na chai isimwagike? Mimi nivae koti la maua? Shule sikusoma sana, ni kweli, lakini shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Najua mipaka ya mwanamume wa makamo.

Sikulivaa.

Ila utafiti ni utafiti. Nilingoja mpaka Redio akaenda sokoni, nikalichukua kwenye msumari, kwa ajili ya sayansi tu. Mkono wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukafika kwenye kiwiko ukatafakari, nikausukuma, kitu kikalia kwapani. Nikasimama nyuma ya banda. Sauti ya kwanza ilitoka kama bawaba yenye kutu. Ya pili kuku wakatawanyika. Ya tatu ikakaa pale pale inapokaa yako, na Kibogoyo akageuza shingo, akatoka kwenye ule mwanya, akaja akala mpaka akalamba misumari ya hori.

Kutoka ndani ya koti ndiyo ilikuwa kazi. Dereva wa lori alikuja nikiwa bado nimo. Nilijifunika blanketi juu yake nikasema nina homa. Akaniambia homa yangu ina maua shingoni.

Sasa Kibogoyo anakula mara mbili kwa siku na kunenepa kwake kunatisha. Juzi alijikuna kwenye ukuta wa banda, na jikoni kwetu sufuria ikaanguka rafuni. Ninyi mnaofua mashuka, muanze kumshonea la kwake.

Lakini jioni, akishamaliza kula, anarudi kwenye mwanya. Anakuulizia. Namwambia Juni si mbali. Hanielewi, mnyama haelewi kalenda. Ukipata nafasi ya kuja hata kabla ya Juni, fanya hivyo kwa ajili yake.

Mimi sina neno.

Mjomba wako,
Mkurugenzi, Mtafiti, na Mshauri wa Madaktari


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Dereva alinisimulia ile homa yenye maua mbele ya foleni ya wagonjwa. Mzee mmoja wa mguu wa plasta alicheka mpaka nesi akaja.

Sasa nina habari ambayo sijui niipake sukari wapi. Juni sitakuja. Likizo imesogea hadi Agosti. Kazini ndivyo mambo yalivyokaa, usiniulize sana. Mwambie Kibogoyo anisamehe. Najua nguruwe wa nyama ana siku zake, akizipita anageuka mafuta matupu na kula faida yote. Ukiona huwezi kumngoja, nitaelewa.

Ungependa nije hata kama ni kwa siku chache? Nauliza wewe, siyo yeye.

Usiku naota lile banda. Naota matope ya pale mlangoni yakinivuta kiatu, nami navuta upande wangu. Naamka nimekunja vidole vya miguu.

Mpwa wako,
Kengele


20 Mei

Mpwa wangu,

Agosti ni hapo tu. Siku hazigandi. Mimi sijashtuka hata kidogo, nilipopata barua yako niliendelea kunywa chai, ingawa Redio anatangaza kwamba chai haikuwemo kikombeni. Aliyeumia ni Kibogoyo. Nimemsomea barua, akalala chini akanigeuzia mgongo. Na kuhusu kuja kwa siku chache, anasema siku chache ni bora kuliko hakuna.

Kuchinja bila wewe, hapana. Mimi ni mtu wa neno. Acha ageuke mafuta, tutauza mafuta.

Sasa keti chini. Nimefanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mfugaji yeyote, hata ng'ambo. Fundi aliyemaliza kujenga zahanati alibakiza vigae vya sakafu, vile vile vya kung'aa ulivyoniandikia. Nimevichukua vyote. Nimevipanga kwenye banda la Kibogoyo kwa mikono yangu, kuanzia ukuta hadi hori, kwa kamba na saruji. Hospitali yenu sasa ina mpinzani. Redio amekuja, ameinama, ameona meno yake, amenyamaza. Tangu nimjue ni mara ya kwanza.

Nimefikiria hivi: mtu aliyezoea kukanyaga sakafu inayoonyesha meno, akirudi nyumbani akakuta matope, atasema nini? Basi matope tumeyafukuza. Nikishamaliza banda naingia jikoni. Utakuja na viatu vyako vyeupe na kuondoka navyo vyeupe, ukitaka kuondoka.

Kibogoyo amepanda juu ya vigae leo asubuhi. Amejitazama, amejisalimia. Anatembea pole pole kama bibi harusi aliyeazima viatu.

Mjomba wako,
Mkurugenzi na Mhandisi


5 Juni

Mjomba,

Nimeruka salamu, nisamehe. Ng'oa vigae. Ving'oe leo, kabla hujamwaga maji ya kusafishia. Kwato za nguruwe hazishiki sakafu laini, na Kibogoyo sasa ni mzito. Miguu ya nyuma ikitawanyika, nyonga inaachia, na hapo hakuna dawa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tulipomwaga ile saruji ya kwanza ulinipa ufagio mgumu nikaikwaruza kabla haijakauka, nikauliza kwa nini tunaiharibu sakafu nzuri, ukaniambia uzuri wa sakafu anaujua anayeikanyaga.

Wewe kabisa, Mjomba. Ulisahau vipi?

Nampa dereva barua hii mkononi, nimemwambia akimbize.

Kengele


14 Juni

Mpwa wangu,

Vigae nimeviondoa. Vimepitwa na wakati. Siku hizi sakafu ya mikwaruzo ndiyo mtindo.

Kibogoyo hajambo. Jioni anakuulizia.

Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Barua ni fupi kwa sababu kazi ni nyingi na mkono umechoka.

Sina neno.

Mjomba wako


27 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi kwa kuwa inaisha haraka. Hukujisifu kumshinda mtu yeyote, hukumtaja daktari, hukumtukana Redio. Kama unaumwa, niambie.

Kuna jambo limetokea huku. Wanafungua hospitali nyingine, mbali zaidi, safari ya siku mbili kutoka hapa. Wananitaka nikawe msimamizi wa chumba cha kufulia. Siyo chuku, Mjomba, msimamizi kweli, mwenye funguo. Mkataba ni wa miaka miwili na ndani yake hakuna likizo mpaka mwaka wa kwanza uishe. Atakayekubali anasaini kabla ya Agosti kwisha na kupanda gari siku hiyo hiyo. Nikisaini, hiyo Agosti yetu haipo tena.

Nikikataa, nitakuja Agosti, na sitakuwa na sababu ya kurudi huku upesi. Daktari wa mifugo wa pale kwetu anatafuta mtu wa kumsaidia kuhudumia mabanda, dereva ndiye aliyeniambia. Ningeweza. Nguruwe nawajua kuliko mashuka.

Nimekaa na hili jambo wiki nzima. Nakumbuka siku naondoka, ulinibebea begi mpaka langoni, ukalitua, ukasema, "Nenda, hapa hakuna kinachokungoja ila mavi ya nguruwe." Wote tulicheka. Nikapanda basi, na ile safari nzima nikawa nalirudia lile neno. Tangu mama afariki ukanichukua nikiwa sijafikia hata komeo la mlango, sijakusikia ukisema neno lisilokuwa na mzaha ndani. Sasa lile la langoni sijui nilihesabu mzaha au kweli.

Kama anayeningoja ni Kibogoyo tu, basi tumchinje kwa amani na mimi nisaini. Kama kuna mwingine, niambie.

Mpwa wako,
Kengele


8 Agosti

Mpwa wangu,

Msimamizi, mwenye funguo. Nimeitangaza habari hii mpaka njia panda. Nimewaambia utakuwa unasimamia hospitali, nikaona hakuna haja ya kutaja mashuka. Damu yetu haijawahi kuwa ya kawaida. Mama yako, dada yangu, angekuwa hai angekuwa waziri.

Saini. Utakosaje kusaini? Usimfikirie mjomba wako. Mimi ni mtu mwenye shughuli nyingi, hata ukija Agosti sina hakika kama ningepata nafasi ya kukaa nawe. Watu wananitafuta asubuhi hadi jioni. Juzi ilibidi niwapangie zamu.

Kibogoyo tu ndiye atakayeona vibaya. Amefika ukubwa wa kabati la nguo, lile la milango miwili, na bado moyo wake ni ule wa sanduku la sabuni. Jioni hatulii. Anasimama pale kwenye mwanya, analia kidogo, ananuna. Nimejaribu kumweleza kwamba mtoto akikua huenda. Anasema anajua. Anasema hakuna anayemkataza mtu kwenda. Anasema tu kwamba jikoni pamekuwa na mwangwi.

Lakini huyo ni nguruwe, asikuharibie kazi.

Mimi sina neno.

Mjomba wako,
Mkurugenzi n.k.


15 Agosti

Kengele mwanangu,

Hujambo? Ni mimi jirani yako, mama wa cherehani. Dereva amenipa vipimo vyako vya gauni na kitambaa ulichonunua. Nitakishona, ila kiuno ulichoandika sikiamini, huko hamli? Nimekuachia nafasi ya kupanua.

Na samahani imechelewa, lakini sikuwa nimepata njia ya kukushukuru kwa nyama. Mjomba wako alipochinja yule Kibogoyo mwezi wa sita aligawa nyumba kwa nyumba, na kwangu akaleta maini kabisa. Akasema, "Ni ya Kengele, kuleni mkimwombea." Nikamuuliza mbona hukumngoja mwenyewe, akajibu neno moja, "Aliteleza." Hakuongeza kitu. Mwanangu, mimi mtu huyu nimemsikia akieleza kuumwa na mbu kwa muda wa kumaliza kushona suruali. Akajibu neno moja. Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa msiba.

Yeye mwenyewe hakuonja. Alisema anaumwa jino. Na vigae alivivunja kwa nyundo, kimoja kimoja, kwenye mvua, mimi nikimtazama dirishani.

Jambo la mwisho, na ninakuambia kwa kuwa habari ikikaa kwangu inaniwasha. Wiki iliyopita ameniletea lile koti lako la mvua la maua nilipanue mabegani. Kwapa zote mbili zilikuwa zimepasuka, zimeshonwa kwa uzi wa gunia, zimepasuka tena. Nikamuuliza ni la nani sasa. Akaniambia ni mambo ya kampuni. Nikajua nikiuliza zaidi sitajibiwa. Jioni mimi nakuwa kwenye mashine, na ikilia sisikii hata mvua, kwa hiyo asubuhi ndiyo huwa namwona, na asubuhi yupo tu, anafagia banda tupu.

Gauni atakuletea dereva. Usimwambie mjomba wako nimesema. Atajua, lakini usimwambie.

Jirani yako,
Mama Cherehani


21 Agosti

Mjomba,

Tarehe nane mwezi huu uliniandikia kwamba Kibogoyo ananililia jioni na kununa. Nyama yake ililiwa Juni.

Sikukasirikia nyama. Nguruwe wetu alifugwa aliwe, na najua ulivyomshika kichwa mpaka mwisho kwa kuwa nimekuona ukiwashika wengine. Wala sikukasirikia vigae. Mimi ndiye niliyekuandikia habari za sakafu za kung'aa, na najua vigae vile ulimpangia nani.

Nami nikwambie langu. Likizo ya Juni hakuna aliyeninyima. Nilimpa mwenzangu mwenye mtoto mchanga. Nilikuwa nangoja useme njoo. Wewe ukasema Kibogoyo anasema njoo. Nikauliza tena, ukanijibu kwa mdomo wake tena.

Sasa Kibogoyo hayupo. Nina swali moja, na nakuomba usinichekeshe kwenye jibu hili. Nani anayeniulizia kila jioni?

Karatasi iko mezani kwa msimamizi, na kalamu juu yake. Dereva anapita kwako Jumatatu na kwangu Jumanne. Nitangoja hiyo Jumanne. Baada ya hapo hapatakuwa na kungoja.

Kengele


26 Agosti

Kengele,

Dereva yuko langoni, hajazima injini. Nimemwambia hiki ni kikao cha dharura. Ameniambia nina muda wa sigara moja, kisha akaona uso wangu akawasha ya pili.

Barua hii niliianza tangu jana, na nimeandika nyingi. Katika moja Kibogoyo alikufa akipigana na simba. Ilikuwa nzuri sana, ile. Simba alikimbia. Zote nimezichoma jikoni.

Aliteleza. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimesafisha, sakafu inang'aa, nimesimama naitazama na kusema moyoni, Kengele akiiona hii. Akaja mbio kwa sababu ya ndoo. Miguu ya nyuma ikaenda kila mmoja njia yake. Barua yako ya kunionya ilifika siku mbili baadaye. Ni kweli, mimi ndiye niliyekufundisha mambo ya mikwaruzo. Sikusahau. Nilijua, ila nilisema, kwa Kibogoyo itakuwa tofauti, kwa sababu nilitaka iwe.

Sasa swali lako.

Redio hakukwambia yote kwa kuwa hajui yote. Cherehani yake inamziba masikio jioni, na mimi huwa nangoja ianze kulia ndipo nitoke. Banda ni tupu tangu Juni. Kila jioni, saa ya kulisha, navaa lile koti. Nachukua ndoo isiyo na kitu. Nasimama nyuma ya banda pale pale ulipokuwa unasimama, naita karibuni mezani, kwa sauti yako.

Hakuna anayekuja. Nani aje?

Maishani mwangu nimewadanganya watu wengi, unajua, na wote walibisha kidogo. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulibisha ile ya dume na kikombe cha chai. Masikio yangu peke yake ndiyo hayanibishii. Ile "ni" ikivutwa, kabla pumzi haijaisha, yanaamini kabisa kwamba wewe uko nje unalisha na mimi niko ndani naweka maji ya chai. Ni muda mfupi. Halafu nakohoa, naingia ndani, kweli nakuta sufuria haipo motoni.

Usisaini. Sina neno lingine, na hilo siyo la Kibogoyo.

Matope yapo mlangoni, sijayagusa.

Mjomba wako

Na ukija, usinidai koti. Utanunua jingine. Tangu Redio alipanue, hili sasa linanitosha.